Kusikia kwa Goti

Kengele ya oveni ililia, na mimi nikainua mkono. Ni mazoea. Nimelelewa na shangazi kiziwi, na watoto wa nyumba ile mkono hutuinuka wenyewe kabla kichwa hakijaamua: kuna sauti, mwambie. Lakini jikoni mle, kwa jirani yangu huko Uingereza, miaka kadhaa iliyopita, mkono wangu ulichelewa. Mbwa mdogo mwenye masikio marefu yaliyoning'inia, aliyekuwa amejilaza chini ya meza kama gunia tupu, alishaondoka. Alimwendea bibi yule, akamwekea mguu mmoja gotini, akamtazama usoni. Bibi akafungua viganja vyote viwili, kuuliza kuna nini. Mbwa akageuka, akatangulia mpaka mbele ya oveni, akaketi. Bibi akatoa keki yake, akaingiza vidole kwenye kijifuko alichofunga kiunoni, akampa mbwa punje ya chakula. Kisha akarudi kwenye kiti na kuendelea na hadithi yake pale alipoikatiza. Mkono wangu ulikuwa bado hewani.

Bibi huyo alianza kupoteza usikivu akiwa na miaka hamsini na kitu. Nilipomfahamu alikuwa na shimesikio mbili, vile vifaa vya kukuza sauti vinavyovaliwa sikioni, zilizomletea kelele nyingi na maneno machache. Alisoma midomo yangu, akailalamikia lafudhi yangu, tukaelewana.

Kwa mtu aliyekulia Tanga, kilichoshangaza zaidi kwa yule mbwa ni kimya chake. Kwetu mbwa huwekwa kwa ajili ya mdomo wake: mchana hufungiwa, usiku hufunguliwa, abweke mwizi apite mbali. Huyu alifundishwa kinyume, kwa sababu kumbwekea kiziwi ni kumaliza pumzi bure. Kazi yake ni kugusa. Wakubwa, kama Labrador, husukuma kwa pua. Wadogo hutumia mguu. Kengele ya mlango ikilia, saa ya kuamshia, ujumbe wa simu, mtoto mchanga chumba cha pili, au mtu wa ndani akituma mbwa akamwite: mbwa hugusa, huulizwa kwa ishara, huongoza mpaka kwenye sauti. King'ora cha moshi tu ndicho chenye kanuni yake peke yake. Hapo mbwa humgusa mwenyewe, na akiulizwa kuna nini, hulala chini papo hapo. Hampeleki mtu kwenye moto. Aliyeipanga kanuni hiyo alikaa chini akafikiri.

Mambo haya si ya kale. Mbwa wa kuwaongoza wasioona walianza kufunzwa rasmi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Ujerumani ilipofungua shule yao mjini Oldenburg mwaka 1916 kwa ajili ya askari waliorudi bila macho. Viziwi walisubiri zaidi ya nusu karne. Huko Marekani ilikuwa katikati ya miaka ya 1970, Minnesota, mkufunzi wa mbwa aitwaye Agnes McGrath alipoanza kuwafunza kwa kazi hiyo. Uingereza ilifuata mwaka 1982, kwa shirika la Hearing Dogs for Deaf People, lililoasisiwa na daktari wa mifugo Bruce Fogle pamoja na Lady Beatrice Wright, aliyewahi kuwa mbunge. Mbwa wao wa kwanza aliitwa Favour.

Kwa nini viziwi walisubiri miaka yote hiyo? Jibu langu, na ni langu tu: upofu unaonekana na uziwi hauonekani. Asiyeona akifika ukingoni mwa barabara, wapita njia humkimbilia. Kiziwi akisimama hapo hapo hakuna anayejua, mpaka dereva apige honi mara tatu na kumtukana. Ndiyo maana nadhani kitu chenye kazi kubwa kuliko masikio ya mbwa ni lile koti lake. Mbwa wa shirika la Uingereza huvaa koti la rangi ya damu ya mzee lenye maandishi. Bibi yule aliniambia kwamba kabla ya mbwa, karani wa dukani akisema kitu naye asijibu, alionekana mjeuri au mtu aliyeanza kuchanganyikiwa kwa uzee. Baada ya mbwa, karani hulitazama koti, huinua uso na kusema taratibu. Uziwi wake umepata nguo.

Mafunzo yenyewe huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na hayana uchawi. Mtoto wa mbwa hulelewa kwanza na watu wanaojitolea, nyumbani mwao, ajue adabu: kutovuta kamba, kutonusa mifuko ya watu, kulala chini ya meza hotelini bila kuomba. Sauti huja baadaye. Hufundishwa kwanza kwamba akimgusa mtu mguu anapata chakula. Kisha chakula hakitolewi mpaka sauti fulani isikike kabla. Kisha sauti inahamishiwa mbali, chumba cha pili, ghorofa ya juu. Kisha mkufunzi anajifanya amelala. Kwa mbwa, king'ora cha moshi ni kengele ya chakula, basi, na hilo halimpunguzii heshima yangu hata kidogo. Mimi nami nilikuwa nikifanya kazi hiyo hiyo kwa kashata.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu lugha yetu, kwa sababu nimeona inajua jambo ambalo sisi wasemaji wake tunalisahau. Kiswahili hakikukifungia kitenzi "kusikia" masikioni. Tunasikia harufu ya kuungua. Tunasikia njaa, baridi, maumivu, usingizi, uchungu. Ukitoa yale yanayoonwa na macho, karibu kila kinachomfikia mwanadamu, Mswahili hukisikia. Kwa hiyo yule bibi alipowekewa mguu gotini, aliisikia kengele ya oveni. Aliisikia kwa goti. Sihitaji tamathali yoyote kusema hivyo; ni Kiswahili cha kawaida kabisa.

Lugha hiyo hiyo lakini ina upande wake mkali. Mtoto mtiifu tunamwita msikivu. Mkaidi tunasema hasikii. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sikio la kufa halisikii dawa. Tumeufanya utiifu kuwa kazi ya sikio, halafu tunashangaa kwa nini kiziwi kijijini huchukuliwa kama mtu asiyeambilika.

Nirudi kwa Shangazi. Alipata homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka saba, na homa ilipoondoka iliondoka na masikio yake. Shule ya viziwi iliyotajwa enzi hizo ilikuwa Tabora, na babu hakuwa mtu wa kumpandisha binti treni mpaka Tabora. Akabaki nyumbani. Lugha yake ya mikono ilibuniwa pale pale uani, na sisi tuliozaliwa baadaye tuliikuta kama tulivyokikuta Kiswahili: kidole kikikuna kidevu ni babu, ngumi mbili zikipishana ni mashine ya kusaga, kofi la hewani ni mwalimu wa madrasa. Sisi watoto tuliitwa masikio yake. "Leo sikio nani?" bibi mzaa baba aliuliza asubuhi, na aliyetajwa hakwenda mbali kucheza.

Siku moja sikio nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Mke wa baba mdogo alikwenda sokoni akamwacha mwanawe mchanga chumbani, amelala, Shangazi akiwa uani anachambua mchele. Wenzangu walikuwa wanacheza kombolela nyuma ya nyumba. Nikajiambia nitasikia tu kutoka huko. Mama mtoto aliporudi alimkuta mwanawe amelia mpaka sauti imekauka, shingo imelowa matapishi. Mimi nilichapwa, yakaisha, nikala chakula cha jioni kama kawaida. Shangazi hakuchapwa. Ila hakuachiwa tena mtoto mchanga, si wa mke wa baba mdogo, wala wa mtu mwingine yeyote nyumbani mle, kwa miaka yote niliyokaa pale. Alipotaka kumbeba mtoto alipewa akiwa ameketi, mama mtoto akiwa mbele yake. Alijua sababu, na alijua pia kwamba nilijua.

Nimesimulia hayo kwa sababu ninapoandika kuhusu mbwa wa Uingereza huwa napata jibu moja kutoka kwa wasomaji wa nyumbani: "Wazungu wameshindwa kutunzana, wamekabidhi wazee wao kwa mbwa, sisi tuna watu." Kweli tuna watu. Shangazi hakuwahi kukosa mtu. Lakini mtu ana yake. Ana kombolela. Na hata asipokuwa na kombolela, mtu huchagua. Watu wanacheka barazani, kiziwi anauliza kuna nini, na mtu wake wa karibu, anayempenda, anapunga mkono: si muhimu, nitakwambia baadaye. Kiziwi yeyote umwulize, atakuonyesha ishara hiyo kabla hujamaliza swali. Kinachosahaulika kila mara ni kwamba anayesikia ndiye anayeamua lipi muhimu.

Mbwa hana "si muhimu". Kengele ikilia atagusa, awe anampenda mgeni au hampendi, awe amechoka au ana hamu ya kulala. Na akishagusa, mwenyewe ndiye anayekwenda kufungua mlango. Hapa ndipo ninapoiona tofauti kati ya msaada na msaada. Mtoto niliyekuwa mimi alimletea Shangazi habari iliyokwisha kuchujwa, pamoja na deni dogo la shukrani. Mbwa humfikisha mtu kwenye tukio lenyewe. Deni lake hulipwa kwa punje ya chakula, na hakuna anayekumbushwa mwaka ujao.

Hayo yangu ni ya barazani, lakini yamepimwa pia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York walilinganisha viziwi waliokwisha kupewa mbwa na wale waliokuwa bado kwenye foleni ya kuwangoja. Napenda hiyo hesabu ya foleni, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na watu waliomtaka mbwa. Huwezi kusema waliopewa ni wapenda mbwa tu. Baada ya nusu mwaka waliopewa walikuwa na hali bora ya akili, wasiwasi na sonona vimepungua, na hawakujiona tena kuwa wanawategemea wengine kama zamani. Hilo la mwisho ndilo lililonirudisha uani kwetu.

Jirani yangu alilieleza kwa njia ya usingizi. Mume wake alipofariki, alisema, alianza kulala mang'amung'amu. Asiyesikia akilala peke yake huzima kila kitu. Anachobaki nacho ni macho, na macho yakifumbwa nyumba nzima imefungwa. Kwa hiyo alilala taa ikiwaka, mlango wa chumba ukiwa wazi, akaamka kila saa kutazama. Alipomleta mbwa usiku wa kwanza alizima taa. Mbwa wake wa kwanza alipozeeka akastaafishwa, na yeye akakaa miezi kadhaa akingoja wa pili, taa ikawashwa tena.

Sasa, mtu mwenye akili atauliza: simu je? Na ni swali la haki. Tangu mwaka 2020 simu janja za kawaida zina uwezo wa kutambua kengele ya mlango, king'ora, kilio cha mtoto, na kutetemeka mfukoni mwa mwenyewe. Kuna saa za kuamshia zinazotikisa mto. Kuna taa zinazomulika mlangoni. Yote hayo ni rahisi kuliko mbwa, hayali, hayaugui, hayahitaji kutolewa nje mvua ikinyesha. Bibi yule alikuwa nayo karibu yote. Nilipomwuliza kwa nini basi mbwa, alinyanyua simu yake, akanionyesha: ujumbe mmoja kutoka saa nne asubuhi, sauti ya maji yanayotiririka. Yalikuwa maji gani? Simu haikusema. Alizunguka nyumba nzima kutafuta bomba lililo wazi, ilikuwa mvua. Mbwa alikuwa amelala.

Sitaki kutia chumvi. Mbwa si jibu la wengi, na anayeliuza wazo hilo kama jibu la wengi anadanganya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 430 wana upungufu wa kusikia unaohitaji huduma, na kufikia 2050 watapita milioni 700. Shirika la Uingereza, pamoja na michango yote ya nchi tajiri na miaka zaidi ya arobaini ya kazi, limetoa mbwa maelfu machache. Kila mbwa ni miaka miwili ya watu wengi. Na si kila kiziwi anamtaka: wapo wengi, hasa waliozaliwa hivyo na kukulia kwenye lugha ya alama, ambao watakuambia wazi kwamba hawana haja ya mbwa, wana haja ya mkalimani hospitalini na mwalimu anayejua alama darasani. Nakubaliana nao. Mbwa hajui kutafsiri kesi mahakamani. Bunge la Kenya lina lugha ya alama miongoni mwa lugha zake rasmi tangu Katiba ya 2010, na nikiambiwa nichague kati ya hilo na kibanda cha mbwa mia moja, nitachagua hilo bila kusita.

Hata huko ulaya mbwa hafanyi kazi peke yake. Nyuma yake kuna sheria. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya 2010 inamlazimisha dereva wa teksi kumbeba mbwa msaidizi bila kuongeza nauli, na akikataa anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Msamaha upo kwa mwenye cheti cha ugonjwa, si kwa sababu ya dini. Japani ina sheria yake tangu 2002 inayotaja aina tatu za mbwa wasaidizi, na wa viziwi wamo. Marekani, chini ya sheria ya 1990, mwenye duka haruhusiwi kuuliza zaidi ya maswali mawili: je, huyu ni mbwa anayehitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kazi gani? Haruhusiwi kudai cheti. Ukarimu huo umewazaa wajanja wanaomnunulia mbwa wao koti mtandaoni ili waingie naye dukani, na anayelipa gharama ya utapeli huo ni kiziwi wa kweli, ambaye mbwa wake sasa anatazamwa kwa shaka mlangoni.

Hilo la teksi linawagusa ndugu zetu moja kwa moja. Waswahili na Wasomali wengi wamekaa nyuma ya usukani katika miji ya Uingereza, na wengi wao, kama mimi, wamesomeshwa katika madhehebu ya Shafii kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtu aliyekua na somo hilo hamkatai mbwa kwenye teksi yake kwa chuki. Anafikiria kanzu yake na swala ya adhuhuri. Lakini somo hilo hilo lina kurasa nyingine. Wamaliki, watu wa madhehebu mengine ya Kiislamu, hawamwoni mbwa aliye hai kuwa najisi. Mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo aliruhusiwa tangu mwanzo, kwa ajili ya haja. Watu wa Pangoni walilala na mbwa wao amenyoosha miguu kizingitini, na Qurani imemtaja pamoja nao. Mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester ulimruhusu kijana asiyeona kuja na mbwa wake. Mbwa alitengewa mahali pake karibu na mlango, hakuingia panaposwaliwa, na hakuna aliyelazimika kuosha chochote mara saba. Mjomba wangu, mwalimu wa madrasa, nilipomsimulia kisa hicho, na cha mbwa wa bibi yule, alikaa akafikiri, kisha akauliza swali la kifundi kabisa: "Analowesha mguu kabla ya kumgusa, au ni mkavu?" Nikamwambia mkavu, mjomba. Akasema, "Basi tatizo liko wapi?"

Kwa hiyo dini, kwa maoni yangu, siyo ukuta mkubwa tunaoufikiria. Ukuta uko mtaani. Mbwa wa kwetu hurushiwa mawe na watoto wanaotoka shule, kwa mazoea tu, kama mtu anavyopiga kopo teke. Na watu wana haki ya kumwogopa: kichaa cha mbwa kikimpata mtu, asilimia hadi 99 ni kwa kung'atwa na mbwa, na mbwa wengi wa mitaani hawajaona sindano ya chanjo. Mtembeze mbwa aliyevaa koti la damu ya mzee pale Kariakoo saa kumi na moja jioni, halafu jaribu kumpandisha daladala. Konda atakuuliza unalipa siti ngapi, na hapo umepata konda mwema.

Tusidhani lakini kwamba kinachokosekana ni mbwa wa kizungu. Miaka ile ya mwanzo, Marekani na Uingereza, mbwa wengi wa viziwi walichukuliwa kwenye vituo vya mbwa waliotupwa, machotara wasiojulikana baba wala mama. Kwa lugha yetu, mbwa koko. Wala hatukosi watu wanaojua kumfunza mnyama. Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku wamekuwa wakifunzwa tangu 2000 kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye kifua kikuu, kwa ndizi na subira. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipelekwa Kambodia na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza la PDSA. Nchi iliyomtoa panya akatunukiwa na Waingereza isiseme kwamba kumfunza mbwa kuigusa ndala ya mtu ni elimu ya mbali.

Tatizo zaidi ni kwamba nyumba zetu hazilii kama za kwao. Mbwa wa yule bibi alijua sauti chache zilizo sawasawa kila siku: kengele ile ile, king'ora kile kile. Nyumbani kwetu Tanga mlango hauna kengele. Una hodi. Na hodi ni sauti ya mtu, kila mtu na yake, mwingine anaivuta, mwingine anaibana puani, mwingine anaiimba. Adabu yenyewe imejengwa juu ya sikio: mgeni hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa hurudi. Shangazi alipobaki peke yake nyumbani, baada ya sisi kuoa na kuolewa na kutawanyika, wageni walikuja, wakaita mara tatu, wakamwona kwa mbali uani amewapa mgongo anafua, wakaondoka wakisema ana dharau. Kwa muda alikuwa na sifa hiyo mtaa mzima. Unamfunzaje mbwa hodi? Inawezekana, nadhani; mbwa anajua mgeni kuliko anavyojua neno. Lakini hakuna kitabu cha Uingereza kitakachokupa somo hilo. Ingebidi litungwe hapa, na mtu aliyeishi na kiziwi wa hapa.

Tulichofanya sisi ni taa. Mpwa wangu, fundi umeme wa kujifunza mwenyewe, alifunga swichi nje ya mlango na balbu mbili ndani, moja sebuleni na moja uani juu ya karo. Mgeni anabonyeza, balbu zinawaka. Watoto wa jirani waliibonyeza wiki nzima kwa mchezo, Shangazi akawa anatoka na mwiko. Umeme ukikatika tunarudi palepale.

Mwaka jana nilimpelekea video ya mbwa wa Uingereza, ya yule bibi na oveni yake. Aliitazama mara mbili. Akauliza kwa mikono analala wapi, nani anamlisha, na kama bibi yule hana watoto. Nikamjibu. Akauliza kama mbwa huchapwa akikosea. Nikasema hapana, huwa hapewi chakula tu. Akacheka sana kwa hilo, akanigusa kichwa.

Kisha akanivuta mkono, akanielekeza kwenye kizingiti cha jikoni, ambapo paka wake mzee alikuwa amelala kama kawaida. Akanionyesha nisubiri. Tulikaa dakika nyingi bila kitu. Mara sikio moja la paka likageuka kuelekea mlango wa mbele, kisha la pili, kisha kichwa. Shangazi alikwishasimama, anajifunga kanga. Mimi nilikuwa bado sijasikia chochote. Alipofungua mlango, mama muuza samaki alikuwa ndiyo kwanza anatua beseni, kinywa wazi, anataka kupiga hodi.